Koplo Abdow na Bunduki Iliyokula Samli

Abdow Shurie alijua mambo ya bunduki kuliko mtu yeyote Garissa, na kama hukuwa na habari, angekueleza mwenyewe kabla hujamaliza salamu. Ulimwambia "Assalamu alaykum", akakuitikia vizuri, akakuuliza hali ya mifugo, na kabla hujamjibu mbuzi wako wangapi wamekufa kwa kiu alikuwa ameshaingia kwenye mtutu na hatoki. Watu walimpenda hivyo hivyo, kama anavyopendwa mjomba asiyejua kunyamaza. Lakini wakimwona kwa mbali sokoni, wengi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili.

Alizaliwa na kukulia karibu na Habaswein, miaka ile serikali ilipokuwa ikizunguka nyikani kukusanya bunduki za wafugaji. Baba yake alikuwa na moja, kuukuu, ya kupiga risasi moja na kungoja. Mzee aliitunza kuliko alivyotunza meno yake. Aliifunga katika ngozi ya mbuzi, na kila mwezi aliipaka samli toka kitakoni hadi mdomoni, mpaka chuma kikang'aa na nzi wakaifuata. Siku askari walipokuja kuichukua, sajini wao aliinusa, akacheka, akauliza kama wamekuja kukusanya silaha au chakula cha mchana. Mzee hakucheka. Aliishi miaka mingine mingi akiwa mtu asiye na bunduki kati ya watu wenye nazo, na fisi walilijua hilo mapema kuliko majirani.

Kijana mwingine angeichukia serikali kwa jambo lile. Abdow alifikiri kwa njia yake. Aliona kuna watu wanaochukua na watu wanaochukuliwa, akaona heri ahamie kwa wanaochukua, maana huko angalau unapewa viatu. Akajiunga na jeshi. Viatu alipewa, vikambana, akavivaa hivyo hivyo miaka ishirini na zaidi.

Sifa zake zilianzia Elwak, vita vya Mwitalia. Abdow alikuwa msaidizi wa fundi wa silaha, na kikosi chake kilikuwa na bombomu nyepesi, zile za breni, ambazo hujipakia zenyewe. Safari ilikuwa ndefu, vumbi ni vumbi, na mafuta ya bunduki yakawaishia njiani. Abdow akaenda kwa wafugaji wa jirani, akarudi na kibuyu cha samli, akazipaka bombomu zile kila mahali alipoweza kufikisha kidole. Zikapiga vizuri, Mwitalia akakimbia, na kamanda akamshika Abdow bega mbele ya watu. Lipo jambo moja dogo ambalo Abdow hakulijua, na kwa kuwa hakuuliza, hakuna aliyemwambia. Sajini mzungu wa bombomu alikuwa hamruhusu mtu yeyote kugusa pistoni, kile chuma cha ndani kinachosukumwa na moshi wa risasi. Kila usiku aliichomoa mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa kikavu na kuirudisha ikiwa kavu vile vile. Samli ya Abdow ilifika pale tu ambapo haikuweza kudhuru.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku ile hakuna chuma kilichopita mikononi mwa Abdow bila kunuka jiko la mama yake. Bastola za maofisa, bunduki za kuvuta komeo, bawaba za mlango wa ghala, hata kengele ya paredi, vyote vilikula samli. Bunduki za komeo hazikulalamika, kwani zile huvumilia chochote, hata askari. Basi imani yake ikakomaa. Akapewa ukoplo, akapelekwa Garissa, akakabidhiwa ghala la silaha, na hapo akakaa, tepe mbili mkononi, akiingojea ya tatu.

Tepe ya tatu haikuwa ya majivuno peke yake, ingawa majivuno yalikuwemo, tena ya kujaza gunia. Abdow alikuwa na ngamia. Walikuwa wa urithi, na aliyewachunga alikuwa dada yake Saado, mjane mwenye ulimi wa wembe. Mwaka ule wa hamsini na tano mvua ilipita juu ikielekea kwa watu wengine. Visima vilikauka, na kilichobaki ni mto Tana. Mto ulikuwa na maji tele, na maji yale yalikuwa na sheria tele. Mfugaji alinywesha mahali alipoonyeshwa, siku aliyoonyeshwa. Malisho mabichi ya ukingo wa juu yalikuwa yamefungwa, na mnyama aliyekutwa huko bila pasi alihesabiwa kuwa si wa mtu. Lakini sajini, kwa desturi ya kambi ile, alipewa pasi ya mifugo ya jamaa zake. Koplo hakupewa.

"Abboowe," Saado alimwambia kaka yake, akikataa kukaa juu ya kiti alichomsogezea, "ngamia wako wanatembea kwa sababu tu hawajaambiana kwamba wamekufa. Hiyo tepe inashonwa na fundi gani, na anakaa wapi, niende nimsaidie kutunga sindano?"

"Mwezi huu, walaal. Kepteni mwenyewe ameniahidi."

"Mwezi uliopita pia ulikuwa mwezi huu," alisema Saado, akaondoka.

Ahadi ya kepteni ilikuwa ya kweli, na ilihusu bunduki mpya. Zilikuja chache tu, ndani ya masanduku marefu, ili zijaribiwe katika mchanga na joto letu. Wazungu walikuwa wamezijaribu kwenye baridi na kwenye tope, zikafaulu, na sasa walitaka kujua zitafanyaje mahali ambapo hata mjusi huinua mguu mmoja mmoja. Kepteni, ambaye askari walimwita Pilipili kwa rangi ya shingo yake, alimwambia Abdow wazi kwamba zikifaulu mbele ya mkubwa atakayetoka Nairobi, fundi wake atakuwa sajini siku hiyo hiyo. Zikishindwa, fundi atabaki alivyo mpaka astaafu.

Askari walikusanywa wafundishwe. Kepteni alisema kwa Kiingereza, na Abdow akawafasiria kwa Kiswahili, kwa kuwa kikosi kilichanganya Wasomali, Waborana, Wakamba na wengine. Kufasiri ndiko kulikokuwa raha ya maisha yake. Kepteni alieleza kwamba zamani, kila risasi ikishatoka, mtu alilazimika kuvuta komeo kwa mkono. Wengine wakawaza kwamba moshi unaoisukuma risasi una nguvu za bure. Wakatoboa tundu dogo mtutuni, moshi kidogo ukachepukia kwenye bomba lake, ukasukuma pistoni, pistoni ikasukuma komeo nyuma, ganda tupu likaruka nje, springi ikarudisha komeo likiwa na risasi mpya. Akataja waliojaribu mmoja baada ya mwingine. Mmeksiko mmoja kabla ya vita vya kwanza, Wafaransa katika vita vyenyewe, halafu Wamarekani, Warusi, na Wajerumani waliokutana na bunduki za Warusi vitani wakarudi nyumbani kuiga. Mwisho Mbelgiji, aliyekimbilia Uingereza nchi yake ilipotekwa, akachora huko, na vita vilipokwisha akarudi kwao kuimaliza kazi.

Haya yote yalimfikia Abdow kama yanavyomfikia Msomali yeyote mwenye malezi, yaani kama ukoo. Akasimama wima, akafumba jicho moja, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, ambacho p hugeuka b na v hugeuka f.

"Sikilizeni. Bunduki hii yeye ni Mbelgiji. Mbelgiji bin Mrusi, bin Mfaransa, bin Mmeksiko. Huyo Mmeksiko ndiye babu, huko juu hakuna mtu. Hawa wote ni watu wa bistoni. Wa kufuta komeo si ndugu yao, hao ni watumwa tu wa mkono."

Askari Yarrow, mtu mwenye sura ya upole na nia mbaya, akainua kidole. "Koblo, na Mjerumani?"

"Mjerumani ni mwizi. Alikuta ngamia wa Mrusi njiani, akabadilisha chaba."

"Na Mwingereza? Yeye hakuzaa?"

Abdow alimgeukia kepteni kwa adabu kuuliza. Kepteni alikohoa, akasema kwamba Waingereza nao walikuwa wamebuni yao ya pistoni, nzuri sana, ila Wamarekani walisema risasi yake ni ndogo mno, kwa hiyo ikaachwa.

"Mwingereza alizaa," Abdow alifasiri, "mtoto mzuri. Jirani akamwambia mtoto ni mdogo, basi akamtuba. Sasa nabeleka jeshi kwa mtoto wa Mbelgiji."

Watu walicheka sana, na kepteni alicheka nao, akidhani wamefurahia utaratibu wa moshi. Kisha akasema jambo la mwisho, akalirudia mara mbili huku akinyoosha kidole. Pistoni na bomba lake visipakwe mafuta kamwe. Vifutwe, viachwe vikavu.

Abdow alisikia vizuri sana, kila neno. Kiingereza chake kilitosha, na Kiswahili chake pia. Ila alimtazama kepteni kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni anayeuliza njia ya kuteremka mlima ambao wewe umesimama chini yake. Chuma kikavu, kwetu, katika vumbi hili? Mtu huyu alikuwa na miezi minne tu Garissa. Abdow alikuwa na Elwak. Akaona si haki kuwapotosha vijana wa watu kwa kosa la mzungu mmoja, akalisahihisha kosa lile humo humo kwenye tafsiri.

"Kebteni anasema bistoni yeye nabenda mafuta kuliko wote. Lakini hiyo ni kazi ya fundi. Nyinyi msiguse."

Jioni ile akazipaka mwenyewe, kwa samli ya mbuzi, safi, iliyochujwa.

Asubuhi zikapelekwa shabahani. Kwa magazini ya kwanza, yaani kasha la kwanza la risasi, zilipiga vizuri, zikatoa harufu iliyowatia askari njaa. Ya pili zikaanza kusita. Ya tatu, kila bunduki ilipiga risasi moja na kunyamaza, mtu akavuta komeo kwa mkono, ikapiga moja tena na kunyamaza. Mbelgiji bin Mrusi alikuwa amegeuka mtumwa wa mkono mbele ya watu wote. Kepteni alizungusha kipete cha kuongeza moshi unaosukuma pistoni, akakizungusha tena, akatukana kwa lugha ambayo Abdow hakuifasiri. Abdow akaona dawa ni moja. Zina kiu. Akaongeza samli.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Zilivyokwama ndivyo alivyozipaka, na alivyozipaka ndivyo zilivyokwama. Kepteni akaanza kusema kwamba atamwandikia mkubwa asijisumbue kuja, bunduki hii haifai jangwani. Abdow alikonda. Huko nyikani ngamia mmoja alilala na hakuinuka, kisha wa pili.

Saado alikuja kumletea habari za huyo wa pili, akamkuta ameketi nje ya chumba chake, bunduki imefunguliwa juu ya gunia, pistoni iko mkononi. Alikuwa amejiandaa kumtukana. Badala yake alinusa, akainama, akanusa tena.

"Umekaanga nini humu?"

"Hiki si chungu, Saado. Ni pistoni."

"Kitu kinachopitisha moto na moshi, ukakitia samli, ni chungu. Kiangalie kilivyoungua. Ungeoa mke akaniachia sufuria namna hii, ningemrudisha kwao."

Abdow akaangalia. Pistoni ilikuwa na ukoko mweusi, mgumu, wa kung'aa, ule ule unaoshika chini ya sufuria ya samli mpishi akizidiwa na usingizi. Aliukwaruza kwa ukucha, haukutoka. Akakumbuka kidole cha kepteni, mara mbili. Akakumbuka na sajini wa Elwak na kitambaa chake kikavu kila usiku, na mambo yaliyokuwa yamesimama vizuri kichwani mwake miaka kumi na mitano yakakaa chini yote kwa pamoja. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Haikukaa sana. Mtu mwenye ngamia wanaokufa hana muda wa kuona aibu.

Alichemsha maji, akachukua mchanga wa mto, akasugua pistoni zote na mabomba yote mpaka vidole vikatoka damu, akavikausha juani, akavirudisha vikavu kama mfupa. Kisha akaenda kwa kepteni, akapiga saluti, akasema amegundua ugonjwa. Ni mafuta ya jeshi. Yale yaliyoletwa kutoka ghala la Nairobi ni mabaya, yanaganda. Kepteni, ambaye alikuwa na ugomvi wa zamani na mkuu wa ghala lile, alifurahi kiasi cha kumpa sigara. Hakuuliza hata swali moja. Bunduki zikapigwa jioni hiyo, magazini kwa magazini, zikatema maganda kama mtu anayetema mbegu za tikiti.

Mkubwa wa Nairobi akaarifiwa aje. Abdow naye akapeleka ujumbe kwa Saado. Siku ya onyesho, alimwambia, kila askari atakuwa shabahani na hakuna atakayekuwa mtoni. Awapeleke ngamia ukingo wa juu siku hiyo hiyo, wasingoje. Pasi itapatikana jioni, na sheria iliyovunjwa asubuhi, jioni haina shahidi. Alijiona mwerevu. Hata Saado, safari hii, alikubali bila kumcheka.

Mkubwa alifika, mtu mfupi mwenye haraka. Alitazama bunduki zikitoboa makopo na mbao, akaitikia kwa kichwa mara tatu nne, kisha akachoka. Mbao hazikimbii, alisema. Alitaka kuona kitu kinachotembea, mbali, katika mazingira ya kazi hasa. Wakapanda magari, wakafuata mto kwenda juu kutafuta swala. Abdow alipandishwa gari la mbele kwa heshima, maana shujaa wa siku alikuwa yeye.

Swala hawakuwapo. Walikuwapo ngamia, ng'ambo ya alama za mpaka, kwenye malisho mabichi, vichwa vimeinama majini. Mbele alisimama jike mweupe ambaye Abdow alimjua tangu akiwa ndama. Saado hakuonekana, labda alikuwa vichakani akikata fito.

"Wana pasi wale?" aliuliza mkubwa.

"Hawawezi kuwa nayo," alisema kepteni. "Sijampa mtu pasi ya upande huu bado."

"Basi si wa mtu," alisema mkubwa. Akamwita mlenga shabaha hodari wa kikosi, Koricha Dida, Mborana ambaye hakuwahi kukosa. Koricha aliwatazama wale ngamia, akamtazama mkubwa, kisha, kama mfugaji yeyote, akatazama pembeni. Akaamriwa mara ya pili, akapiga goti.

Abdow alikuwa na maneno manne tu ya kusema: "Wale ngamia ni wangu." Yalikuwa tayari mdomoni. Yalizuiwa na tepe, na pasi, na jela ya mtu aliyemtuma dada yake kuvunja mpaka, na badala ya kuyasema alifanya jambo ambalo fundi wa silaha hajapata kulifanya. Alimwomba Mwenyezi Mungu bunduki ikwame. Aliomba kwa moyo wote, huku akijua ni nani aliyeisugua kwa mchanga wa mto na kuifuta alfajiri ile.

Jike mweupe alianguka kwanza. Hapo Abdow akafungua mdomo. Kwa bunduki ya baba yake angepata nafasi ya hotuba nzima. Hata kwa ile ya komeo, kati ya risasi na risasi mkono huinuka, huvuta, husukuma, na mtu mwenye la kusema husikika. Hii haikumwachia nafasi. Alisema "Afande", na kabla hajafika kwenye neno la pili ngamia walikuwa wamelala ukingoni mmoja juu ya mwenzake, na ganda la mwisho lilikuwa linaviringika mchangani karibu na kiatu chake.

"Ndiyo, Koplo?" alisema kepteni, akigeuka kwa tabasamu.

Saado alikuwa ametoka vichakani. Alisimama na fito zake mkononi, na kutoka mbali vile haikujulikana anamtazama nani.

"Haikukwama, afande," alisema Abdow.

Akashonewa tepe ya tatu jioni ile. Na kwa kuwa kepteni alikuwa mtu wa ahadi, akamwandikia na pasi, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ngamia wa Sajini Abdow Shurie wanywe na kulisha popote ukingoni bila kuzuiwa. Abdow aliipokea kwa mikono miwili. Alimpelekea Saado pamoja na maneno mengi aliyoyapanga njiani, lakini Saado alichukua pasi tu, maneno akamwachia.

Walikuwa wamebaki mbuzi tu. Kesho yake Saado aliwaswaga mpaka mtoni, akamwonyesha karatasi askari aliyelinda ukingo. Alikuwa Yarrow. Aliisoma polepole, akaigeuza, akaisoma tena, na safari hii usoni mwake hamkuwa na mzaha.

"Abaayo, imeandikwa ngamia," alisema. "Hawa ni mbuzi."

Akawarudisha, kwa adabu, akiwaelekeza njia kwa mtutu wa ile bunduki mpya, ambayo Sajini Abdow alikuwa ameifuta asubuhi hiyo na kuiacha kavu.